Nguruwe akikohoa, tazama banda, kisha tazama damu ya dume

Tarehe 30 Aprili 2025, FDA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia dawa na vyakula, liliruhusu nguruwe wa aina mpya kuingia katika ufugaji wa nchi ile. Nguruwe huyo amebadilishwa jeni moja ili asishikwe na PRRS, ugonjwa wa virusi unaopiga mapafu ya vitoto na kuharibu mimba za majike. Makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba ugonjwa huo uliwagharimu wafugaji wa Marekani dola milioni 664 kila mwaka.

Kwa mfugaji wa Walungu, Kabare, Lubero au Irumu mwenye majike wawili nyuma ya nyumba, nguruwe huyo yuko mbali sana. Lakini swali lililowapeleka wataalamu maabara analijua vizuri. Vitoto wawili wamezaliwa usiku mmoja, wamenyonya jike mmoja, wanakula machicha na majani ya viazi katika beseni moja. Kwa nini mmoja akohoe miezi mitatu na kubaki mifupa, na mwenzake apite salama?

Jibu la wataalamu ni kwamba sehemu ya tofauti hiyo iko katika damu, yaani katika jeni ambazo kila kitoto hupewa nusu na baba, nusu na mama. Si sehemu kubwa kuliko zote. Lakini mfugaji anaweza kuichagua bila kununua dawa hata moja, siku ile anapoamua jike wake apandwe na dume gani.

Ugonjwa unaokula faida kimyakimya

Kati ya magonjwa ya mapafu yanayoenea zaidi katika nguruwe duniani, kuna nimonia inayoletwa na mikrobe ndogo iitwayo mikoplasma. Mikrobe hiyo hujishika kwenye vinyweleo vidogo sana vilivyo ndani ya njia ya hewa. Kazi ya vinyweleo hivyo ni kufagia vumbi na uchafu kuelekea juu ili usifike mapafuni. Vikiharibika, ufagio haupo tena, na mikrobe nyingine zilizokuwa zikingoja nafasi hushuka mpaka ndani.

Mikoplasma peke yake huua mara chache. Nguruwe hukohoa kikohozi kikavu, hasa anapoamshwa asubuhi au akikimbizwa. Anaendelea kula, lakini hanenepi. Ndiyo maana wengi hawaiogopi kama wanavyoogopa PPA, homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo inaweza kumaliza banda zima katika siku chache.

Hasara yake huja polepole. Katika nyumba nyingi za Kivu na Ituri nguruwe ni benki. Anauzwa shule zinapofunguliwa, au mgonjwa anapongoja kulipiwa ili atoke hospitalini, au familia inapotoa mahari. Nguruwe aliyetazamiwa kufikisha kilo 80 mwezi wa nane, na ambaye mizani inasema kilo 55, hajafa. Ila mtoto ataanza mwaka wa shule akiwa na deni.

Chanjo za mikoplasma zipo. Hupunguza kikohozi na vidonda vya mapafu, lakini hazifungi mlango kabisa: nguruwe aliyechanjwa anaweza bado kubeba mikrobe na kuipitisha kwa wengine. Kwa sababu hiyo watafiti wa nchi mbalimbali walianza kujiuliza kama inawezekana kupata nguruwe ambao mapafu yao yenyewe yanavumilia zaidi.

Usianze kwa kushtaki damu

Kabla ya kusema kwamba ukoo fulani wa nguruwe ni dhaifu, kuna mambo mengine ya kutazama. Banda lisilo na hewa hujaa amonia, ile harufu ya mkojo inayochoma macho. Ikiwa wewe mwenyewe macho yanakuwasha ukiinama ndani ya banda, basi nguruwe anayelala humo na pua yake iko chini anapumua hiyo usiku kucha. Amonia nayo huharibu vilevile vinyweleo vya njia ya hewa.

Minyoo pia huleta kikohozi. Askaris, minyoo mirefu ya tumboni, huwa na watoto wanaopitia ini na mapafu kabla ya kurudi kwenye utumbo. Kuna pia minyoo ya mapafu ambayo nguruwe huipata kwa kula nyungunyungu anapochimba udongo kwa pua. Nguruwe anayezurura shambani na kukohoa huenda anahitaji dawa ya minyoo kuliko kitu kingine chochote.

Mambo hayo yakishatengenezwa, bado kutakuwa na nguruwe wanaokohoa zaidi ya wengine katika banda lile lile. Hapo ndipo swali la damu linapoanza kuwa na maana.

Asilimia za kurithi zinasema nini

Wataalamu wa uzazi wa wanyama hupima kila sifa kwa kiwango cha kurithi. Wanachukua wanyama wengi wanaojulikana baba na mama zao, wanatazama jinsi wanavyotofautiana, kisha wanahesabu ni sehemu gani ya tofauti hizo inatoka katika damu na ni sehemu gani inatoka katika chakula, banda, magonjwa na bahati.

Kwa nguruwe, unene wa mafuta ya mgongoni una kiwango cha juu, karibu asilimia 40 hadi 50. Kasi ya kukua iko karibu asilimia 30. Idadi ya vitoto ambavyo jike huzaa iko chini, karibu asilimia 10. Vidonda vya mapafu, katika tafiti nyingi, viko upande wa chini pamoja na idadi ya vitoto.

Tusielewe vibaya. Asilimia 30 haina maana kwamba kilo 30 katika kila kilo 100 zilitoka kwa baba. Maana yake ni kwamba, ukiweka nguruwe wengi pamoja, chini kidogo ya theluthi moja ya tofauti kati yao inaelezwa na damu. Na kiwango cha chini hakina maana kwamba hakuna kitu cha kurithi. Maana yake ni kwamba ukimtazama nguruwe mmoja tu huwezi kujua. Inabidi utazame ndugu zake, watoto wake na mama yake, kwa muda mrefu, huku ukiandika.

Kazi ya vizazi vitano Japani

Katika jimbo la Miyagi, kaskazini-mashariki ya Japani, watafiti walifanya kazi hiyo ya subira. Walichukua nguruwe wa aina ya Landrace na kuwachagua kwa vizazi vitano. Katika kila kizazi hawakutazama kukua na mafuta peke yake, bali pia vidonda ambavyo mikoplasma huacha kwenye mapafu.

Shida yao ilikuwa moja: mapafu hayaonekani nguruwe akiwa hai. Ni lazima kutazama mapafu ya waliochinjwa, na kwa hayo kuamua juu ya ndugu zao wanaobaki kuzaa. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba vidonda vilipungua kizazi baada ya kizazi. Hawakuhitaji kubadilisha jeni yoyote. Walitumia macho, daftari na uamuzi wa nani azae na nani aende buchani.

Mwaka huo huo wa 2012 ADN ya nguruwe ilisomwa yote na kutangazwa. Ina kromosomu 38 na herufi karibu bilioni 2.7. Aliyesomwa alikuwa jike wa aina ya Duroc. Kazi hiyo iliwafungulia watafiti njia rahisi zaidi ya kutafuta ni wapi hasa katika ADN nguvu ya kushindana na ugonjwa imejificha.

Kundi la watafiti wa Marekani lilikuwa limeanza mapema, kuhusu PRRS. Walichukua vitoto kwa makundi ya karibu 200, wakawapa virusi kwa makusudi, kisha kwa siku 42 wakawapima uzito na wingi wa virusi katika damu. Walikuta kwamba wote waliambukizwa, lakini si wote walioteseka sawa. Sehemu moja ya kromosomu ya 4 ilieleza karibu asilimia 15 ya tofauti za kurithi katika wingi wa virusi. Wenye umbo zuri la sehemu hiyo walikuwa na virusi vichache na waliendelea kukua vizuri kuliko wenzao.

Kwa sehemu moja tu ya ADN, hiyo ni kubwa. Lakini asilimia 85 iliyobaki imetawanyika mahali pengi, kila mahali pakitoa mchango mdogo. Ndivyo ilivyo kwa magonjwa mengi ya mapafu: hakuna jeni moja ya kikohozi ambayo ukiiondoa kikohozi kinaisha.

Nguruwe aliyeruhusiwa Marekani mwaka 2025 ni jambo la pekee katika hadithi hii. Virusi vya PRRS huingia katika askari wa mwili walio mapafuni kwa kupitia mlango mmoja, protini iitwayo CD163. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walionyesha mwishoni mwa mwaka 2015 kwamba nguruwe asiye na mlango huo hashikwi na virusi. Wale wa Roslin, karibu na Edinburgh, kituo alikozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996, waliondoa kipande kidogo tu cha mlango huo na kupata matokeo hayo hayo. Lakini nguruwe huyo analindwa na ugonjwa huo mmoja. Mikoplasma haitumii mlango huo, wala PPA.

Somo kutoka kijiji cha Piétrain

Wafugaji wetu wengi wanalijua jina Piétrain, pamoja na Large White, Landrace na Duroc. Piétrain ni kijiji cha Ubelgiji. Nguruwe wake wana mapaja makubwa na nyama isiyo na mafuta mengi, na kwa ajili ya mapaja hayo walichaguliwa kwa miaka mingi.

Pamoja na mapaja kulikuja kitu ambacho hakuna aliyekitaka. Nguruwe wengi wa ukoo huo walikuwa wakikakamaa na kufa ghafla wakipakiwa kwenye gari, wakipigana au wakishikwa na joto. Nyama yao ilitoka nyeupe, laini na yenye kutoa maji. Mwaka 1991 watafiti wa Toronto, Kanada, walipata sababu: herufi moja tu iliyobadilika katika jeni inayoongoza misuli. Mnyama mwenye nakala moja ya kasoro hiyo haonyeshi ugonjwa, na nyama yake haina mafuta mengi, ndiyo maana wafugaji walimpenda. Mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndiye anayeanguka.

Baada ya hapo kipimo cha ADN kilifanya iwezekane kuiondoa kasoro hiyo katika koo nyingi, na Chuo Kikuu cha Liège kilitengeneza ukoo wa Piétrain usio nayo. Lakini somo linabaki. Kila mara unapochagua kwa sifa moja peke yake, iwe ukubwa, rangi au mapaja, unavuta na vitu vingine usivyoviona. Mfugaji anayenunua dume kwa bei kubwa kwa sababu tu ni mkubwa hajui bado kama amenunua mapafu mazuri, wala kama amenunua moyo wa kuvumilia safari ya pikipiki mpaka sokoni chini ya jua.

Je, jeni zinaweza kuzuia PPA?

Swali hili haliwezi kukosa hapa kwetu. PPA ilielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, na mpaka leo inawarudisha wafugaji wa mashariki ya Kongo kwenye sifuri. Ngiri wa porini hubeba virusi vyake bila kuugua. Kwa hiyo watafiti walijiuliza: je, tukichukua jeni ya ngiri na kuiweka katika nguruwe wa nyumbani?

Walijaribu. Walibadilisha jeni moja, RELA, ili ifanane na ile ya ngiri. Matokeo ya mwaka 2020 yalikuwa wazi: mabadiliko hayo hayakutosha kumwokoa nguruwe. Hata kuondoa mlango wa CD163 hakukumlinda na PPA.

Basi mtu akikuuzia dume akisema ni wa damu isiyoshikwa na PPA, usimwamini. Kinga ya PPA kwetu inabaki ile ya siku zote: kutoingiza nyama au mabaki ya chakula yasiyopikwa, kutoruhusu wanunuzi kuingia bandani na viatu vyao, kufungia wanyama, na kuzika waliokufa.

Dume wa kijiji ni baba wa wote

Turudi kwenye uamuzi ulio mikononi mwa mfugaji. Katika vijiji vingi, nyumba nyingi zinafuga jike lakini ni chache zenye dume. Jike anapelekwa kwa mwenye dume, na malipo mara nyingi ni kitoto kimoja wakati wa kuachisha kunyonya. Ni desturi nzuri ya kusaidiana. Lakini tuifuatilie kwa hesabu.

Dume akianza kazi mwezi wa kwanza, watoto wake wa kwanza wanazaliwa karibu na mwezi wa tano, kwa kuwa mimba ya nguruwe ni siku 114: miezi mitatu, juma tatu na siku tatu. Binti huanza kutafuta dume akiwa na miezi sita hadi minane. Kwa hiyo mwaka haujaisha vizuri, dume huyo tayari anapelekewa binti zake. Na yule kitoto wa malipo, ikiwa ni jike, amekulia katika uwanja wa baba yake mwenyewe.

Dume akimpanda binti yake, katika kila sehemu ya ADN kila kitoto kina nafasi ya asilimia 25 ya kupata nakala mbili za kitu kile kile kutoka kwa mzazi yule mmoja. Kaka na dada wa baba mmoja na mama tofauti wakipandana, ni asilimia 12.5. Kasoro zote zilizokuwa zimejificha katika nakala moja, kama ile ya Piétrain, hupata nafasi ya kutokea. Vitoto hupungua, wengine huzaliwa dhaifu, na mwili wao hushindana na magonjwa kwa shida. Mfugaji huona kikohozi na kusema ni hali ya hewa, kumbe kijiji kizima kimekuwa familia moja.

Dume wa kukodi huleta pia ugonjwa. Anakwenda nyumba hii na ile, anapumuliana na kila jike, na kurudi na kila kitu alichokutana nacho. Wakati PPA inasikika katika eneo, dume asitoke na jike asipelekwe, hata kama joto lake litapita. Juma tatu za kungoja ni bei ndogo kuliko banda tupu.

Mambo ambayo mfugaji anaweza kufanya

La kwanza ni kuandika. Kaye moja ya mwanafunzi inatosha: jina la jike, dume aliyempanda, tarehe, vitoto wangapi walizaliwa, wangapi waliachishwa kunyonya, nani alikohoa, nani aliuzwa na kilo ngapi. Baada ya vizazi viwili au vitatu kaye hiyo itaonyesha jike ambaye watoto wake hukohoa kila mara. Huyo asiachwe kuzaa tena, hata kama ni mzuri wa kutazama.

La pili ni kutazama mapafu siku ya kuchinja, kama walivyofanya watafiti wa Miyagi. Mapafu mazima ni ya rangi ya waridi na ni laini kama sifongo. Mikoplasma huacha sehemu ngumu za rangi ya zambarau au kijivu, hasa kwenye ncha za mbele na chini. Madoa meupe kwenye ini ni alama ya askaris. Bei yake ni kumwomba tu mchinjaji angoje dakika mbili kabla ya kukata, kisha kuandika ulichokiona mbele ya jina la baba na mama. Lakini nguruwe aliyekufa ghafla, mwenye madoa mekundu ya ngozi au damu puani, asifunguliwe kabisa. Aitwe daktari wa mifugo.

La tatu ni kuchagua dume kwa kuuliza habari za familia yake. Mama yake aliachisha vitoto wangapi? Ndugu zake walikohoa? Alizaliwa wapi? Dume mzuri kwako ni yule ambaye hana undugu na majike wako na aliyetoka katika banda ambalo umeliona kwa macho.

La nne ni kubadilisha dume kabla binti zake hawajafika umri wa kupandwa. Ushirika wa wafugaji wa vijiji viwili vilivyo mbali kidogo unaweza kubadilishana madume kila mwaka, baada ya kumtenga dume mgeni peke yake kwa juma kadhaa ili kuona kama ana ugonjwa. Na yule kitoto wa malipo, mwenye dume amuuze au ambadilishe na mwingine asiye wa damu ile.

Kazi hiyo haihitaji maabara ya Missouri wala ya Edinburgh. Matunda yake hayaonekani mwezi ujao. Mfugaji anayechagua dume vizuri mwaka huu ataanza kuyaona kwa watoto, kisha kwa wajukuu wa nguruwe wake, mradi banda lina hewa, sakafu ni kavu na minyoo inapewa dawa. Damu nzuri ndani ya banda bovu itakohoa tu.